Daftari la Jumatano

Kila Jumatano kabla ya mashindano makubwa ya gofu, mimi hufungua daftari langu lililochakaa jalada na kuandika majina matano. Ni watu ambao nadhani mmoja wao atanyanyua kombe Jumapili. Mbele ya kila jina naweka sababu, mstari mmoja tu. Jumapili usiku, au Jumatatu asubuhi kama usingizi umenizidi, narudi kusoma nilichoandika. Nina miaka mingi nikifanya hivyo, na nakiri mapema: daftari lile limejaa aibu.

Ukurasa wa kwanza una maneno mawili. "Rory. Imekwisha." Niliyaandika Jumamosi usiku, Aprili 2011, baada ya raundi ya tatu kati ya nne za Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu. Rory McIlroy alikuwa na miaka 21, na yalipobaki mashimo 18 alikuwa mbele kwa mikwaju 4. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuufuatilia mchezo huu. Nilikuwa nimetoka kwenye kandanda, ambako timu ikiwa mbele mabao manne watu huanza kutafuta njia ya kutokea. Jumapili nikalala mapema, kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Asubuhi nikakuta amepiga mikwaju 80, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Nikampigia simu mjomba wangu. Huyu ujanani alikuwa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo na mshauri wa mchezaji, na hata leo akitembea utadhani kuna mkanda begani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umelala, au umekesha na Rory wako?"

"Nimelala."

"Basi umekosa mazishi." Akanisimulia pigo kwa pigo. Rory alifika shimo la 10 akiwa bado anaongoza, kwa mkwaju mmoja. Mpira wake wa kwanza ukaenda kushoto, mbali kabisa, ukaishia karibu na nyumba za wageni ambako hakuna mchezaji anayetarajiwa kuonekana. Shimo la mikwaju 4 likamla mikwaju 7. La 11 akagusa mpira mara tatu akiwa tayari juu ya grini, yaani ule uwanja wa majani mafupi unaozunguka shimo, la 12 mara nne. Aliyeshinda ni Charl Schwartzel wa Afrika Kusini, ambaye jina lake sikuwa hata najua kulitamka. Huyo alimaliza kwa bedi nne mfululizo, yaani kila shimo kati ya manne ya mwisho alilimaliza kwa mkwaju mmoja pungufu ya kiwango kilichowekwa.

"Wewe uliandika mtu," mjomba akasema. "Uwanja hukuuandika. Unamsifu dereva, hujauliza barabara ikoje."

Nilikasirika kiasi kwamba miezi miwili baadaye, kwenye US Open kule Congressional, jina la Rory sikuliweka kabisa. Akashinda kwa tofauti ya mikwaju 8, jumla 268, 16 chini ya kiwango. Ukurasa huo natamani kuuchana.

Lakini neno la mjomba liliniingia. Nikaanza Jumatano zangu upande mwingine: kwanza uwanja, watu baadaye. Masters ndiyo nyepesi kwa mwanafunzi, kwa sababu kati ya mashindano manne makubwa ni hayo pekee yanayorudi mahali palepale kila mwaka, Augusta National, jimbo la Georgia, Marekani. US Open, PGA Championship na The Open huhama. Ukikaa na Augusta miaka mitatu minne unaanza kuifahamu kama ngazi za nyumbani: unajua ipi inalia ukiikanyaga. Shimo la 12, kwa mfano, ni fupi, yadi 155 tu, mpira mmoja wa fimbo ya chuma na uko juu. Kwenye karatasi ni shimo la mtoto. Lakini mbele ya grini kuna kijito, grini yenyewe ni nyembamba kama mkeka uliotandikwa kwa upana, na upepo pale kati ya miti mirefu huzunguka, bendera ya shimo la 11 ikielekea huku na ya 12 ikielekea kule. La 11, la 12 na la 13 kwa pamoja huitwa Amen Corner, na mimi tangu 2011 sijamhesabu mtu yeyote kuwa mshindi kabla hajatoka hapo.

Kuuanza uwanja kwanza kulinifungua macho kwenye mambo ambayo watangazaji huyapita haraka. Kati ya 2003 na 2014 Masters ilichezwa mara 12, na mara 6 kati ya hizo ilichukuliwa na watu wa mkono wa kushoto: Mike Weir mara moja, Phil Mickelson mara tatu, Bubba Watson mara mbili. Mashoto ni wachache mno kwenye gofu ya kulipwa, kwa hiyo hiyo si bahati ya kawaida. Augusta ina mashimo kadhaa yanayokunja kushoto, la 13 likiwa mfano mzuri. Mtu wa mkono wa kulia lazima aupindishe mpira kuelekea kushoto, na mpira wa namna hiyo ukishatua hukimbia, mara nyingi kuliko alivyotaka. Shoto hupata mkunjo uleule kwa pigo lake la kawaida, ambalo hutua kwa upole zaidi. Nilipolielewa hilo nikamwandika Watson mwaka 2014. Akashinda. Nilitamba wiki nzima.

Jambo jingine la Augusta ni ugeni. Ukiacha miaka miwili ya mwanzo kabisa, 1934 na 1935, mtu pekee aliyeshinda Masters akiwa mara yake ya kwanza kucheza pale ni Fuzzy Zoeller, 1979. Kila mwaka hutokea kijana mpya mwenye moto, kila mtu anamtaja, na kila mwaka mkono wangu hutamani kuandika jina lake. Siandiki. Sababu ni grini zile: zinateremka kuelekea kusikoonekana kwa macho, na televisheni huzilaza kama meza. Mtu hujifunza kwa kuumia. Na kama unapenda mikosi, kuna shindano dogo la mashimo mafupi linalochezwa Jumatano palepale Augusta tangu 1960, na hadi 2025 hakuna aliyelishinda kisha akashinda Masters wiki hiyohiyo. Siamini uchawi, lakini anayeshinda Jumatano namfuta.

Baada ya uwanja zikaja takwimu, na hapa nilipotea tena kabla ya kupata njia. Zamani nilikuwa nikiangalia nani ameshinda wiki iliyopita. Mara moja nikamweka juu kabisa jamaa aliyekuwa ametoka kushinda huku akiputi, yaani akiusukuma mpira juu ya grini, na kuingiza hata kutoka mbali kana kwamba shimo lina sumaku. Wiki iliyofuata hakufika hata Jumamosi. Nilipomlalamikia mjomba, alicheka tu: "Kuputi ni kama mvua. Hainyeshi shamba moja kila siku."

Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Mark Broadie, aliyelisema hilo kwa hesabu. Wazo lake ni rahisi ukilishika. Kutoka futi 8, wachezaji wa kulipwa huingiza mpira kama nusu ya nafasi zao, kwa hiyo wastani wao pale ni mkwaju mmoja na nusu. Ukiingiza kwa mmoja, umeokoa nusu mkwaju kuliko wenzako. Ukitumia miwili, umepoteza nusu. Fanya hivyo kwa kila pigo, la kuanzia, la kukaribia grini, la kando ya grini na la kuputi, utajua mtu anapata wapi na kuvuja wapi. PGA Tour, waendeshaji wa mashindano ya kulipwa Marekani, walianza kutumia hesabu hizo kwa upande wa kuputi mwaka 2011, kisha zikaenea. Kilichonishangaza ni kwamba kinachowatenganisha zaidi wakubwa na wa kawaida ni pigo la kukaribia grini, wala si kuputi ambako sote tunakutolea macho. Kuputi vizuri huja na kuondoka. Mkono mzuri wa fimbo za chuma hukaa.

Tangu hapo, sababu ninayoandika mbele ya jina mara nyingi ni hiyo: "chuma chake kimetulia wiki tano." Mtu ambaye chuma chake kimetulia lakini kuputi kumemgomea, huyo ndiye nampenda Jumatano. Mvua ikimgeukia, amefika.

Sitaki uamini kwamba nilishakuwa bingwa wa utabiri. Mwaka 2016 nilikuwa na Jordan Spieth, na kwa mara ya kwanza nilikesha hadi mwisho. Mashimo 9 ya kwanza ya Jumapili yalipoisha alikuwa mbele kwa mikwaju 5. Alikuwa bingwa mtetezi, anaijua Augusta, sababu zangu zote zilikuwa mahali pake. Akapoteza mkwaju la 10. Akapoteza mwingine la 11. Kwenye la 12 mpira ukatua ukingoni na kuteleza hadi kijitoni. Akarudi nyuma kidogo, akapiga tena, na pigo hilo lilikuwa baya zaidi: fimbo ilichota udongo kwanza, mpira ukazama bila hata kuifikia ng'ambo. Kiwango cha shimo ni 3. Alitoka na 7. Nakumbuka kamera ilivyombana, akimgeukia kedi wake, na jinsi sebuleni kwangu nilivyosikia saa ya ukutani.

Mshindi akawa Danny Willett wa Uingereza, aliyecheza raundi yake ya mwisho kwa mikwaju 67 bila kupoteza hata mmoja. Huyu karibu asingekuja kabisa. Mkewe alikuwa ajifungue Jumapili ileile ya fainali, na alikuwa ameshasema mtoto asipozaliwa mapema haendi. Mtoto akazaliwa siku kadhaa kabla. Hakuna takwimu ingenipa jambo hilo, lakini lilikuwa limeandikwa magazetini na mimi nilikuwa nimelipita, nikiwa na haraka ya kufika kwenye namba. Siku hizi kabla ya kufunga daftari natafuta habari za watu: nani ana jeraha la mgongo, nani amebadilisha kedi, nani ametoka kuzika, nani ana mtoto mchanga.

The Open ni dunia nyingine. Inachezwa kwenye viwanja vya pwani vya Uingereza na Ireland ya Kaskazini, ardhi kavu yenye mawimbi, miti hakuna au ni michache, na mwenye uwanja ni upepo. Hapo nilijifunza kusoma ratiba ya kuanza kabla ya kusoma majina. Wachezaji 156 wote huanzia shimo la kwanza, watatu watatu, tangu asubuhi na mapema hadi alasiri. Anayeanza asubuhi Alhamisi ataanza mchana Ijumaa, na kinyume chake. Sasa chukua siku ambayo asubuhi bahari imelala na mchana upepo umeamka: nusu ya washindani wamecheza mchezo mmoja, nusu nyingine mchezo mwingine, na ubao wa matokeo unawaweka pamoja kana kwamba ni sawa. Ndiyo maana kwa The Open daftari langu hukaa wazi hadi Jumatano usiku kabisa, nisubiri utabiri wa hali ya hewa wa mwisho. Nimewahi kumfuta niliyemwamini kwa sababu tu ya saa yake ya kuanza. Mara nyingine inasaidia. Mara nyingine upepo wenyewe haukusoma utabiri.

Mwaka 2019 The Open ilirudi Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, kwa mara ya kwanza tangu 1951, na Rory ni mtoto wa huko. Alipokuwa na miaka 16 aliwahi kuucheza uwanja ule kwa mikwaju 61. Unadhani niliandika nani? Uwanja anaujua, watu ni wake, sababu nzuri kabisa. Pigo lake la kwanza kabisa likaenda nje ya mipaka. Shimo la kwanza, mikwaju 8. Alhamisi akamaliza na 79 na mimi nikafunga daftari.

Nilikosea kulifunga. Ijumaa yake ndiyo siku bora ya gofu niliyowahi kutazama, na haikuwa na kombe lolote ndani yake. Baada ya raundi mbili hufanywa mchujo: kwenye The Open hubaki 70 wa juu na wanaolingana nao, wengine hufunga mizigo. Rory alikuwa anakimbiza mstari huo. Bedi moja, nyingine, watu wa Portrush wakawa wanakimbia kwenye vichuguu vya mchanga ili wawahi shimo linalofuata. Akamaliza na 65. Akaukosa mchujo kwa mkwaju mmoja. Kabla ya siku hiyo Ijumaa ilikuwa kwangu siku ya kusubiri Jumamosi. Sasa jioni ya Ijumaa siangalii juu ya ubao kabisa. Naangalia nafasi ya 60 kwenda 75, ambako kuna watu wanapigania mshahara wao, kwa sababu anayekosa mchujo kwenye mashindano mengi ya wiki huondoka mikono mitupu. Aliyeko juu Ijumaa anacheza vizuri tu. Aliyeko kwenye mstari anacheza huku anahesabu.

Kuhusu kwenda uwanjani mwenyewe nitasema kidogo, maana nimekwenda mara chache. Mara ya kwanza niliandamana na kundi la nyota mkubwa, na kwa saa nne nilichokiona ni visogo vya watu. Simu yangu ililia pia, mtu akiwa ameshainua fimbo. Alishusha. Akanitazama, si kwa hasira, kama mwalimu anavyomtazama mtoto ambaye ameshamkatia tamaa. Sitaisahau.

Mara ya pili nilikwenda na mjomba, naye akanipeleka siku ya mazoezi, Jumanne, wakati hakuna umati. Tukakaa kando ya grini moja zaidi ya saa mbili. Wachezaji walipofika hawakuputi kuelekea shimo lililokuwepo. Kedi alitupa vibao vidogo sehemu nne ambako alidhani shimo litakatwa siku za mashindano, kisha mchezaji akawa anasukuma mipira kuelekea vibao hivyo, wakitazama inavyopinda, kedi akiandika kwenye kijitabu. Mmoja alitembea kuzunguka grini polepole, na mjomba akaninong'oneza nitazame viatu vyake. "Anasikiliza mteremko kwa nyayo. Macho yanadanganywa na milima." Kisha alikuja kijana asiyejulikana, akapiga mipira sita kutoka ndani ya majani marefu upande uleule wa grini, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja fimbo ikiingia chini kwa namna tofauti kidogo. Sauti ni tofauti pia: mmoja kama kitambaa kinachochanika, mwingine kama jembe kwenye udongo mbichi. Kwenye televisheni sauti zote ni moja.

Kinachonipa faida zaidi, hata hivyo, ni kuusoma ubao Jumapili. Miaka mingi nilidhani ubao unasema ukweli. Unasema nusu. Mtu aliyeko 10 chini ya kiwango na amemaliza, na mtu aliyeko 10 chini akiwa na mashimo 6 mbele yake, hawako sawa hata kidogo, na ukiujua uwanja unajua nani yuko mbele. Augusta, shimo la 13 na la 15 ni marefu ya kiwango cha mikwaju 5, na wachezaji wa leo huyahesabu kama mahali pa kuokota. Aliye nyuma kwa mkwaju mmoja huku yote mawili bado yanamsubiri, kwangu mimi hayuko nyuma. Kwa hiyo Jumapili mchana nachora mistari miwili kwenye daftari: mashimo ya kuokota yaliyobaki, na mashimo ya kuumia yaliyobaki. Nafanya hivyo kwa kila mtu aliye ndani ya mikwaju 3 ya kwanza. Inachosha, na mke wangu amekwisha kuacha kuniuliza ninachofanya.

St Andrews, 2022, The Open ya 150. Rory na Viktor Hovland waliingia Jumapili wakilingana juu, mikwaju 4 mbele ya wengine. Mistari yangu ilikuwa inampendelea Rory waziwazi. Na hakukosea, hicho ndicho kilichoniuma. Alifika kila grini kwa idadi ya mikwaju inayotakiwa, grini zote 18, na kwa kila moja akaputi mara mbili. 36. Raundi safi kama karatasi, 70. Mbele yake Cameron Smith wa Australia akaanza mashimo 9 ya mwisho kwa bedi tano mfululizo, akamaliza raundi kwa 64, kombe likaenda. Mwaka 2011 mtu wangu alianguka. Mwaka 2022 alisimama wima na akapitwa. Mjomba alituma ujumbe mfupi tu: "Mvua imenyesha shamba la jirani."

Baada ya hapo niliacha kumwandika Rory kwenye Masters. Alikuwa ameshinda mengine yote makubwa, lile tu limebaki, na kila Aprili lilionekana kuwa zito zaidi begani kwake. Jumatano ya Aprili 2025 sababu zote zilikuwa upande wake, chuma kimetulia, mwaka ameuanza vizuri, Augusta anaifahamu kwa kuumia kuliko karibu mtu yeyote aliye hai, na bado mkono wangu ukakataa. Alhamisi nilijisifu: kwenye la 15 na la 17 alipoteza mikwaju miwili miwili, akamaliza na 72, saba nyuma ya Justin Rose. Ijumaa akapiga 66. Jumamosi 66 tena.

Jumapili nikamwalika mjomba. Macho yake yamepungua, kwa hiyo huketi karibu na televisheni na kunizibia nusu. Rory alianza mbele kwa mikwaju 2, na zote mbili zikaisha shimo la kwanza. Akazirudisha, akaongeza. Kwenye la 13, yadi 80 hivi kutoka shimoni, akiwa na pigo dogo ambalo mtu wa kiwango chake huweza kulipiga akizungumza na simu, akautia mpira kijitoni. Mjomba akajishika kichwa. "Hapa watamlaumu kedi wake," akasema, "kwa sababu ndiye aliyempa fimbo." Kisha la 15, mpira uliopinda kuzunguka miti na kutua futi chache kutoka shimoni, akakosa kuingiza lakini bedi akapata. La 17, bedi nyingine. La 18, puti ya futi tano hivi ya kushinda Masters, akaikosa. Rose alikuwa ameshamaliza kwa 66, wakalingana 11 chini ya kiwango, wakarudi kulicheza la 18 upya kuamua.

Kedi wake ni Harry Diamond, rafiki yake wa tangu utotoni. Rory alieleza baadaye kwamba wakielekea kuanza shimo lile la nyongeza, Diamond alimwambia kuwa kama Jumatatu asubuhi wangeambiwa watafika hapa, wangekubali. Akapiga, mpira ukaingia katikati ya njia. Pigo la pili likatua futi chache kutoka shimoni. Rose akakosa ya kwake. Rory akaingiza, akaanguka kwa magoti. Kabla yake ni watano tu waliokuwa wameshinda yote manne: Sarazen, Hogan, Player, Nicklaus na Woods.

Mjomba alipolisikia lile neno la Diamond, aliomba nilirudie. Nikalirudia. Akakaa kimya, mkono ukiwa begani pale mkanda ulipokuwa.

"Wewe uliandika nani?" akauliza hatimaye.

Nikamsomea majina yangu matano. Rory hayumo. Rose naye hayumo. Alicheka hadi akakohoa, nikamletea maji.

"Yanayofuata ni yapi?"

"PGA Championship. Mwezi ujao, Quail Hollow."

"Rory kule vipi?"

"Ameshinda mashindano ya kawaida pale mara nne."

"Nne! Basi unangoja nini?"

Nikamwandika wa kwanza, kwa herufi kubwa, na sababu nikaijaza mistari mitatu badala ya mmoja: uwanja, chuma, na mzigo umetoka begani. Scottie Scheffler akashinda kwa tofauti ya mikwaju 5. Rory hakuonekana hata karibu.